Mlango Kati ya Kuta Mbili za Panorama

Ninyi vijana mnaoshika mashini ya kusudea siku hizi, macho yenu mmeyafunika na miwani ya jua mliyonunua barabarani, wekeni vyuma chini kidogo mnisikilize. Sikuja kuwafundisha namna ya kuunganisha chuma na chuma. Hiyo mnaijua, au mnafikiri mnaijua. Nataka kuwaeleza kazi yangu hasa ilikuwa nini. Kwa miaka mingi hapa Kalemie nilitengeneza portaye, yale malango makubwa ya chuma ya kufungia parsele, viwanja vya watu. Kusema kweli, kazi yangu ilikuwa kuwaweka wengine nje, na hakuna mahali nilipoifanya kwa bidii kama Panorama.

Panorama ni kijiji kidogo cha wakubwa, juu kilimani, nje ya mji, ukishapita nyumba za matofali mabichi na mashamba ya mihogo. Kina barabara moja tu. Inaanzia kwenye kizuizi cha bomba lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na inaishia kwenye tangi la maji. Katikati yake kuna majumba machache, unaweza kuyamaliza kuyahesabu huku umebeba ndoo kichwani. Walipachagua pale kwa sababu ziwa lote linaonekana, na anga ikiwa safi unaiona hata milima ya ng'ambo, Tanzania. Ndiyo maana wakapaita Panorama. Halafu kila mmoja akajizungushia ukuta ambao hata akisimama juu ya gari lake haoni ng'ambo yake. Ziwa likabaki la mlinzi wa tangi, maskini wa Mungu, ambaye ndiye peke yake anayekaa juu kiasi cha kuliona.

Wana komite. Watu wasiosalimiana wana komite ya nini, sijui, lakini wanayo, na ina sheria. Hakuna mbuzi. Hakuna kuanika nguo upande wa barabara. Hakuna kutwanga sombe, majani ya mihogo, ndani ya Panorama, kwa sababu mlio wa kinu ni wa kishamba. Sombe yao inatwangwa chini mjini na kupandishwa kwa pikipiki ndani ya ndoo yenye kifuniko, imefichwa vizuri, halafu wanaila mpaka wanalamba vidole. Kwetu mtu akifika anapiga hodi. Pale unapiga simu kwanza, na sentineli, mlinzi wa mlango, anakuja kukuangalia kupitia tundu nililolitoboa mimi mwenyewe, jicho moja tu, akikuuliza umetumwa na nani.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Mukalayi, mzee wa karakana za reli, mtu mfupi mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche. Hakuwa na maneno mengi. Alinifundisha kusudea kwa masikio. Bageti, kile kijiti cha kusudea, ikilia kama samaki kwenye mafuta ya moto, uko sawa. Ikitapika, punguza umeme. Ikinyamaza, amka. Alinifundisha pia kwamba bati nene, tole tunavyoliita, lisisudewe kuanzia pembe moja mpaka nyingine, maana litajikunja. Weka nukta hapa, nukta kule, ruka, rudi, uliache lipoe, uendelee. Na macho yakiungua usiku usilie, weka vipande vya viazi vibichi ulale. Najua kuna kati yenu wanaocheka. Mtavitafuta hivyo viazi.

Portaye yangu ya kwanza Panorama niliifunga ifunguke kwa nje. Ilikuwa nzuri, ina mikuki juu na maua ya chuma katikati. Tulipoisukuma ikafunguka kiasi cha kupitisha kuku, ikagonga udongo, kwa sababu barabara ile inapanda na mimi nilikuwa nimeangalia maua tu. Papa Mukalayi aliizunguka mara moja, mikono nyuma.

"Mutoto," akasema, "umetengeneza ukuta wenye bawaba."

Mwenye nyumba hakukasirika hata kidogo. Alichotaka kujua ni kama mikuki yake ilikuwa mirefu kuliko ya jirani. Siku ile nikawaelewa watu wa Panorama, na tangu siku ile sikukosa kazi. Mmoja akiweka mikuki, wa pili anataka mikuki ya rangi ya dhahabu. Wa tatu anataka vichwa vya simba. Yupo aliyeandika kwa herufi kubwa kwamba ana mbwa mkali, na hajawahi kufuga hata paka. Yupo pia aliyeleta portaye ya kufunguka kwa kubonyeza kidude mkononi, akaniita niifunge tu, nisiguse kitu kingine. Umeme ukakatika saa sita mchana, mvua ikashuka, yeye yuko nje na suti yake anabonyeza kidude. Sentineli ndani anavuta, haitoki. Mwishowe akaomba ngazi kwenye nyumba za matofali mabichi kule chini, akaruka ukuta wake mwenyewe. Hakuna jirani aliyemwona, maana kuta zao zote ni ndefu. Hiyo ndiyo faida pekee ya zile kuta niliyowahi kuiona.

Lakini ninachotaka kuwaeleza hasa ni habari ya parsele mbili zilizopakana. Moja ni ya Salumu, mtoto wa familia ya Kiislamu ya zamani hapa kandoni mwa ziwa, wale ambao babu zao walivuka na bidhaa wakabaki. Salumu anatoa mizigo ya wafanyabiashara bandarini, na magari yake makubwa mmeyaona. Ya pili ni ya mtu wa Kirungu, kule milimani kusini, mwenye biro, ofisi kubwa, katika mambo ya jimbo. Yeye kila mtu anamwita Direkta. Hata mke wake anamwita Direkta.

Hawa wawili walijenga wakati mmoja, na hakuna aliyekubali kuegemea ukuta wa mwenziwe. Ukuta mmoja ungewatosha. Wakajenga miwili, mgongo kwa mgongo, ikaacha ufa ambao mkono wangu unaingia kwa shida. Nimefanya kazi katika mji huu tangu ujana wangu, na sijaona kwingine matofali yakiharibiwa namna ile. Mijusi waliingia mle katikati wakaishi kwa amani ambayo Panorama yenyewe haikuwa nayo.

Tena kila mmoja akamleta mama yake. Katika Kalemie ukitajirika ukamwacha mama yako chini, watu watakusema mpaka kanisani na msikitini. Basi wakawapandisha mama zao pamoja na makochi, wakawaweka. Mke wa Salumu yuko dukani mjini kutwa nzima, watoto shuleni. Mke wa Direkta yuko Lubumbashi na watoto wake. Kwa hiyo kuanzia asubuhi kila mama anabaki na televisheni na sentineli.

Siku moja niliitwa kwa Salumu kurekebisha bawaba iliyokuwa inalia. Sentineli akanifungulia. Nilipopita nyuma ya jiko kutafuta maji, nikamwona mama yake Salumu, Mama Zuhura, amelala kifudifudi juu ya saruji, shavu limegusa chini, kichwa kimeelekea ukutani. Nyundo ilinianguka.

"Mama, umeanguka?"

Akainua kidole kimoja bila kunyanyua kichwa. "Nyamaza kidogo, baba. Mwenzangu anaongea."

Nikasimama. Kutoka chini ya ukuta ikasikika sauti ya mwanamke mwingine, nzito na ya taratibu. "Njo vile nilimuambia daktari. Mi siko mugonjwa. Niko na njaa ya batu."

Waashi walikuwa wameacha tundu la kutolea maji ya mvua chini ya kila ukuta, na kwa bahati tu matundu yale mawili yalitazamana. Upande wa pili alikuwa mama yake Direkta, Mama Veronika, naye amelala chini vilevile. Walikuwa wakiongea hivyo tangu mvua za kwanza. Hawajawahi kuonana.

Mama Zuhura aliinuka akajifuta vumbi kwenye shavu. Nilimfahamu tangu alipokuwa anakaa chini mjini, mwanamke mwenye mwili na kicheko. Pale mbele yangu mtandio ulikuwa unaning'inia mabegani. Nikamwuliza kwa nini asipite mlangoni amtembelee mwenzake kama watu.

"Nilimwambia Salumu anipeleke. Akasema, mama, hatujuani nao kiasi hicho. Nikataka kwenda mwenyewe, huyu sentineli akasimama mbele yangu. Ameamriwa nisitoke, nisije nikapigwa na jua." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Nimepigwa na jua la Kalemie miaka yangu yote, baba. Leo ndiyo litaniua?"

Kisha akasema ameacha kula. Chakula si kibaya, alisema, lakini kula peke yako ni kama kumeza dawa. "Nikifa hapa, atakayejua ni sentineli. Kule chini nilikuwa na mlango wa uani."

Ninyi mliozaliwa juzi pengine hamjui. Nyumba za zamani za familia zile za Kiislamu kule chini zilikuwa na mlango mdogo ukutani, nyuma, kati ya uani kwako na uani kwa jirani. Wanawake walipitia hapo bila kuwakatiza wanaume walioketi mbele. Kaa la moto lilipita hapo, na chumvi, na mtoto mwenye homa, na habari ya nani ameolewa na nani amefiwa. Mwanamke akichelewa kutoka asubuhi, jirani anasukuma ule mlango kumwangalia. Hauna komeo. Kuuwekea komeo ni kumtukana jirani.

"Nitengenezee," akasema Mama Zuhura. "Mdogo tu. Wa kupita mtu mmoja aliyeinama."

"Mama, huu ukuta ni wa Salumu."

"Ukuta ni wa Salumu. Na Salumu ni wa nani?"

Nikatoa kipimo, nikapima ukuta. Salumu alikuwa amevuka kwenda Kigoma kufuata mizigo. Direkta alikuwa Kinshasa, wanakokwenda kuomba wasichopewa. Nikamwita mwashi rafiki yangu, tukaanza kuvunja mchana kweupe. Sentineli akaja mbio akauliza kama Papa Salumu anajua. Mama Zuhura akamjibu kwamba Mama anajua, akamtuma maji. Upande wa pili tulisikia sentineli wa Direkta naye akiuliza, na Mama Veronika akimwambia ashike ufagio.

Sikilizeni hili, litawafaa. Fremu ya kupita kuta mbili msiisudee ikabana kote. Kila ukuta una namna yake ya kushuka, mmoja ukishuka kabla ya mwingine utapinda fremu na mlango hautafunguka tena. Niliifunga kwenye ukuta mmoja tu, kule kwingine nikaiacha ielee, nafasi ya kidole. Bawaba nikazipaka mafuta mazito. Komeo sikuweka.

Tofali la mwisho lilipoanguka, mama wale wawili wakasimama wakaangaliana, katikati yao vumbi na mijusi wanakimbia.

"Kumbe uko mufupi," akasema Mama Veronika.

"Na mimi kwa sauti ile nilijua wewe ni mnene."

Wakacheka mpaka wakashikana. Mwashi rafiki yangu aligeuka akajifanya anakusanya matofali. Mimi nililia, sioni aibu kusema.

Niliporudi kufunga kazi nilikuta mkeka umetandikwa, kahawa ya tangawizi imechemka, na Mama Zuhura anakula maharage ya Kirungu kutoka sahani ya mwenzake, wanabishana kama yameiva. Mtandio ulikuwa umeanza kumkaa mabegani.

Direkta ndiye aliyerudi kwanza. Alikwenda nyuma ya nyumba kutafuta mtandao wa simu, akamkuta kizee asiyemjua, mwenye mtandio, ameketi kwenye bomba lake anamkata mama yake kucha. Mtu mwenye biro, mwenye elimu yake. Akapiga kelele za mwizi. Halafu akaona tundu ukutani, na ndani ya tundu akaona parsele ya Salumu, na kamba ya nguo za Salumu. Hapo ndipo alipougua kweli.

Komite ikakaa siku hiyohiyo. Prezida wake ni muuza saruji, na nadhani mnaelewa mtu kama huyo anauonaje ukuta unaovunjwa. Alisema leo ni mlango, kesho ni njia, keshokutwa ni soko, wauza vitumbua watapita katikati ya Panorama. Wakasema usalama. Neno hilo watu wa pale wanalipenda kuliko watoto wao. Salumu akarudi jioni ile, akakubali. Yeye na Direkta, ambao hawakuwahi kupeana mkono, wakapeana mkono kwa mara ya kwanza wakikubaliana kuwafungia mama zao. Hawa ndio wakubwa wa mji wetu. Tunawapisha barabarani.

Nani wa kuliziba lile tundu? Wakaniita mimi. Nilikwenda. Ningekataa wangemwita mwingine, na nilitaka kuona kwa macho yangu watawaambia nini mama zao. Nikapeleka tole, nikawasha jenereta uani kwa Salumu, nikafunga kibanio cha waya. Wakaja watatu, Prezida, Direkta na Salumu, wamevaa vizuri kama wanakwenda kuzindua daraja.

Mama wale walikuwa wametandika mkeka wao ndani ya mlango wenyewe, nusu huku nusu kule, wameketi wanachambua maharage. Hawakuinua vichwa.

"Bamama," Prezida akaanza, "musogee kidogo. Papa wa kusudea anataka kutumika kazi yake."

"Atumike," akasema Mama Veronika. "Atusudeye na siye humu."

Direkta akakohoa. "Mama, njo mambo ya sekirite."

"Mwizi njo nani? Njo huyu?" Akamwonyesha Mama Zuhura kwa kidevu. "Siku nilishindwa kuamuka na magoti, nani aliniletea uji? Weye ulikuwa Kinshasa. Sentineli wako alikuwa anasikiliza radio."

"Mama, tutaongea ndani."

"Ndani niliongea na televizio. Haijibu."

Mama Zuhura alimwangalia mwanawe. "Salumu, mwanangu, mimi sikudai kitu kwako. Huu mlango ndio unaoniweka hai. Ukiuziba, nirudishe chini hata kama nyumba yetu ya zamani imeingiwa na maji ya ziwa."

Direkta alikuwa amechoka kuonekana mbele ya fundi akibishana na mama yake. Akainama, akamshika mkono amnyanyue. Mama Veronika hakuvuta mkono wake. Alichukua ule wa pili, polepole, akauweka juu ya fundo la kikwembe chake kiunoni.

Hapa sina haja ya kuwafundisha. Hata ninyi mnajua mama akilifungua lile fundo, akajivua mbele ya mtoto aliyemzaa, amemtupa. Hakuna padri wala shehe anayeirudisha laana ile, na wala hamtaona mtu wa Kalemie anayejaribu kuona kama ni kweli.

"Donasiani," akasema. Ndiyo siku niliyojua Direkta ana jina. "Gusa tena."

Direkta aligeuka haraka akafumba macho, akajigonga kwenye jenereta yangu. Prezida hakungoja. Mama wa mwenzako ni mama yako, na yeye alikimbia mikono imefunika uso, akaacha kiatu kimoja kwenye maua. Tulimsikia kwenye portaye anapapasa, anatafuta komeo. Ile portaye niliitengeneza mimi, komeo lake liko chini kushoto, na sikumwambia. Wakatoka wote wawili hatimaye, na nikasikia gari likiwaka.

Nikazima jenereta. Salumu alikuwa bado amesimama, uso ameubandika ukutani, mabega juu.

"Mama, umeshajifunga?"

"Geuka," akasema Mama Zuhura. "Hakuna aliyefungua kitu. Kaa."

Akakaa ukingoni mwa mkeka na suruali yake iliyopigwa pasi, magoti juu kama mtu aliyekalishwa kwenye kiti cha mtoto. Akatazama maharage yakianguka kwenye sinia. Mwishowe akamgeukia mama wa jirani yake.

"Jambo, Mama. Unaitwa nani?"

"Veronika. Na weye njo Salumu mwenye kupigaka honi. Nakujua na masikio tu, sura njo naiona leo." Akamsukumia sinia. "Chambua."

Akachambua. Alikuwa anaacha mawe mengi, nao wakamwambia.

Kesho yake asubuhi Direkta alinipigia simu. Alikuwa amefikiri usiku kucha. Mlango utabaki, akasema, lakini ule niliouweka ni wa kimaskini, unaiaibisha parsele yake. Anataka wa kweli: wenye mikuki, rangi ya dhahabu, kichwa cha simba kikimwangalia Salumu. Na komeo zuri, ufunguo ukae kwake, mama akitaka kupita atauomba.

Nilimwambia haiwezekani, nimestaafu. Akauliza tangu lini, maana jana tu nilikuwa pale na mashini. Nikamwambia tangu sasa. Nikazima simu, nikaingia ndani kumweleza mke wangu, kwa sababu naye alikuwa hajui.